Wizara ya Upatanisho

Niacheni nianze bila kubembelezana, maana hadithi hii haina kiitikio cha kuimba. Iko nchi inaitwa Usanifu. Msiitafute kwenye ramani ya shule, wala msiniulize iko upande gani wa dunia, nitawadanganya bure. Mtu ninayemjua aliyefika huko ni Shaweji, mshona magodoro ya sufi, mtu wa maneno mengi na moyo laini. Naye hakwenda kutembea. Alikwenda kumchukua dada yake.

Dada yake huyo, Mwanaidi, aliolewa Usanifu na mwanamume wa kabila la Wasoa. Miaka ikapita, salamu zikaja, salamu zikakatika. Halafu wachuuzi wakaleta habari fupi: mume kafa, mke amekwama, anataka kurudi kwao. Mama yao mzazi alikuwa kitandani wakati huo, mgonjwa wa kugeuzwa, na jina alilokuwa akilitaja ni la Mwanaidi tu. Basi Shaweji akafunga sindano zake kwenye kitambaa, akaondoka. Safari yenyewe nawaachia, njia ni njia.

Pale langoni alikuta jengo refu jeupe, limeandikwa kwa herufi za kutisha: WIZARA YA UPATANISHO. Moyo wake ukatulia. Akajiambia, alhamdulillahi, hawa kumbe ni watu wa suluhu. Alidhani mle ndani wamekaa wazee na mke na mume waliogombana, wanawapatanisha, wanawapa chai, wanawarudisha nyumbani. Masikini ya Mungu. Upatanisho wa Usanifu si wa watu, ni wa maneno. Ni lile jambo ambalo walimu wa Kiswahili walituchapia viboko: mtu anakuja, kiti kinakuja, jiwe linakuja, na ole wako useme kiti anakuja.

Ofisa aliyempokea aliitwa Bwana Halisi, kijana nadhifu, kola yake imepigwa pasi mpaka inang'aa.

"Umekuja kufanya nini?" akauliza.

"Nimekuja kumchukua dada yangu. Aliolewa na Msoa, sasa mume amefariki, na nyumbani mama ni mgonjwa, kwa hiyo..."

Halisi akainua kidole. "Bwana, sentensi moja umeijaza makosa. Wewe ni mgeni, nakusamehe. Kwanza, hapa hakuna Msoa. Kuna Kisoa. Pili, Kisoa hakifariki, kinaharibika. Tatu, mwanamke akiolewa na Kisoa hufuata ngeli ya mumewe. Kwa hiyo hukuja kumchukua. Umekuja kukichukua."

"Kukichukua nini?"

"Hicho unachokiita dada."

Shaweji akacheka. Alicheka vizuri tu, kwa sauti, kama mtu aliyepewa mzaha na mwenyeji. Akageuka huku na huku kutafuta wa kucheka naye. Makarani wote walikuwa wameinamia kazi zao, na askari wa mlangoni alikuwa anamtazama mdomo. Kicheko kikamkauka.

Halisi akamweleza, tena kwa upole kabisa. Alisema Usanifu ni nchi isiyovumilia ubaguzi. Kumbagua mtu ni kosa kubwa, limo kwenye katiba. Ndiyo maana, alisema, walipoona Wasoa wanawaudhi, hawakuwabagua hata siku moja. Waliwatoa kwanza katika ngeli ya watu, wakawatia katika ngeli ya vitu, na kitu hakibaguliwi. Kitu kinapangwa tu mahali pake.

"Na walikukoseeni nini?" Shaweji akauliza.

"Vilitukosea," Halisi akasahihisha. "Viganja vyao vinageuka bluu mvua ikikaribia. Mtu mwenye akili atajiuliza: mvua inawaambia nini hao, isituambie sisi? Samahani, inaviambia nini hivyo." Akapepesa macho, akatazama mlango, kisha akaendelea haraka haraka. Raia akikosea huoshwa kinywa kwa maji ya majivu sokoni, alisema, lakini ofisa wa Upatanisho akikosea hushushwa ngeli papo hapo.

Sheria ya kutoka nayo ilikuwa hivi. Mtu hutoka kwa miguu yake. Kitu hutoka na mwenyewe, na mwenyewe anatakiwa asimame langoni akitaje kwa kinywa chake, asikosee kiambishi hata kimoja. Akikosea, kitu kinabaki, kinapelekwa mpakani kuchimba mahandaki, maana nchi ilikuwa vitani. Na mgeni huhesabiwa mtu mpaka mwezi uandame. Ukiandama angali humo, Wizara itakaa kumtafutia ngeli yake.

"Umeelewa?" Halisi akauliza.

"Nimeelewa," akasema Shaweji, na hapo hakuwa na maneno mengi tena.

Mwanaidi alikuwa amehifadhiwa kwa mwanamke mmoja mjane, Mama Adila, Msanifu wa damu, mtu wa nyumba safi na chungu kisichokosa mboga, mwenye mtoto wa kiume vitani. Zamani walikuwa majirani, wakiombana chumvi. Wasoa walipoanza kukusanywa, Mama Adila alikwenda Wizarani akaapa kwamba Mwanaidi ni chombo chake cha nyumbani, akaandikiwa hivyo, na ndiyo ikawa salama ya Mwanaidi. Mumewe hakuwa na wa kumwapia. Alipelekwa mahandakini, na jioni moja redio ikasema vifaa kadhaa vimeharibika upande wa mashariki. Hiyo ndiyo taarifa ya msiba aliyopewa mke.

Shaweji alipoingia uani akamwona dada yake amechuchumaa anachambua mkaa, kakonda, mguu mmoja umevimba. Akapaza sauti: "Shikamoo, dada!"

Mama Adila akaruka kama aliyemwagiwa maji ya moto, akamziba mdomo kwa kiganja. "Wee! Unataka kuniulia nyumba? Kitu hakiamkiwi. Ingia ndani kwanza, mwanangu. Umekula? Na hicho nacho hakijala tangu asubuhi, nimekibembeleza mpaka nimechoka, kinakataa."

Alisema "kinakataa" kwa huruma hasa, kama mama anavyosema mtoto kakataa uji. Shaweji hakujua amchukie au amshukuru. Mimi mwenyewe mpaka leo sijui.

Mwanaidi alikuwa akilala ghalani, pembeni ya magunia, maana sheria haikuruhusu vitu vilale chumbani. Humo ndimo ndugu hawa wawili walimokumbatiana na kulia. Walipomaliza kulia, Mwanaidi akacheka, maana alikuwa na ulimi wake tangu utotoni na ghala halikumnyang'anya.

"Unajua nini, Shaweji? Mbu wa nchi hii ana cheo. Mbu ni mnyama, na mnyama yumo kwenye ngeli ya watu. Akiniuma, Mama Adila anasema amekiuma. Yeye ameuma. Mimi kimeumwa. Nikimuua, anasikitika: maskini, amekufa."

"Nitakutoa," Shaweji akasema.

"Najua utanitoa. Sikiliza basi. Langoni sema wanavyotaka. Sina kiburi cha kufia hapa na mama ananingoja. Useme kitu, useme changu, useme chochote. Lakini tukiwa mimi na wewe, mimi ni dada yako. Usinizoeshe maneno yale. Na wewe mwenyewe usijizoeshe."

"Naapa kwa maziwa ya mama," akasema Shaweji, na aliapa kwa moyo wake wote.

Sasa, kutojizoesha ni rahisi kwa anayekaa kwao. Shaweji alitakiwa ajifunze barabara, kwa sababu ulimi ukiteleza langoni dada ameenda. Na ulimi wake ulikuwa unateleza. Siku ya kwanza sokoni akamwambia muuza bamia, "Nipe laini laini, dada yangu anazipenda." Hakumaliza hata kupokea fungu. Askari wawili walimshika mabega, wakampeleka kwenye pipa katikati ya soko, wakamsukutuisha maji ya majivu mbele ya watu mpaka fizi zikamuwaka. Watu hawakuzomea. Waliendelea kununua vitunguu. Hilo ndilo lililomwogopesha kuliko maji.

Akarudi nyumbani akamwomba Mama Adila amfundishe. Wakawa wanakaa kibarazani wakipukuchua maharage, mama anauliza, yeye anajibu.

"Kiko wapi?"

"Yuko... kiko ghalani."

"Tena. Kimelala?"

"Kimelala."

"Kikiumwa utafanyaje?"

"Nitam... nitakipeleka kwa daktari."

"Kwa fundi, mwanangu! Kitu kinapelekwa kwa fundi. Ukisema daktari utatupeleka jela."

Mwanzoni kila neno lilimkwaruza kooni. Baadaye likawa linapita. Baadaye zaidi Mama Adila akawa anamsifu, na Shaweji, ambaye maisha yake yote alisifiwa magodoro tu, akaona raha kidogo kusifiwa sarufi. Ghalani aliendelea kumwita dada, ahadi ilikuwa ahadi. Ila ghalani alikuwa haendi mara nyingi kama mwanzo. Alikuwa na mazoezi.

Kibali cha kutoka kilitolewa kwenye Baraza la Taifa, na waombaji walisubiri humohumo ukumbini, nyuma ya wabunge. Ndipo Shaweji akausikia mjadala ule, na akirudi kuusimulia watu hudhani anatia chumvi.

Mbunge mmoja mwembamba alisimama, akakohoa, akasema, "Mheshimiwa Spika, sheria inasema kila kinachoanza na ki ni kitu na kipatanishwe kama kitu. Wananchi wa jimbo langu wanauliza habari za kinyozi. Juzi kinyozi wa mtaa wetu alikamatwa na mkasi mkononi, kichwa cha mteja kimenyolewa nusu."

"Kilikamatwa," Spika akasema.

"Kilikamatwa, nashukuru. Vipofu, viziwi na viwete wameshahamishwa... vimeshahamishwa, sina neno. Lakini, Mheshimiwa Spika, naomba mwongozo kuhusu neno," hapa sauti yake ikashuka, "neno Kiongozi."

Kila mtu alijua balaa la neno hilo. Redio ya taifa ilikuwa imempoteza mtangazaji aliyesoma "Kiongozi kimehutubia taifa", kwa kumtukana Kiongozi. Ikampoteza na aliyemfuatia, aliyesoma "Kiongozi amehutubia taifa", kwa kuvunja sheria ya Kiongozi. Kuanzia hapo, siku za hotuba redio ilipiga ngoma tu.

Waziri wa Upatanisho akasimama, bwana mnene mwenye sauti ya mahubiri. Akasema Serikali imeliona hilo na imelimaliza. Kuanzia siku hiyo cheo kitaitwa Mwongozi, na aliyewahi kusema Kiongozi hakuwahi kusema. Makofi yakapigwa mpaka vumbi likatoka kwenye mapazia.

Mbunge mwembamba hakukaa. Sijui alikuwa jasiri au mjinga, na tofauti yake huwa ndogo. "Basi, Mheshimiwa Waziri, kama ki imeondolewa kwa Mwongozi, tuiondoe na kwa vijana wetu walioko vitani. Tuseme mjana, wajana. Ni watoto wetu. Nina mmoja kule."

Waziri akamtazama kwa upole mkubwa. "Mheshimiwa, fikiri. Tunapigana na majitu. Majitu yale ni makubwa, yanatisha, na vita vyake ni virefu. Tukisema wajana, wajana hufa, na wakifa kuna matanga, kuna akina mama wanalia barabarani. Vijana havifi. Vinaharibika, na kinachoharibika kinabadilishwa. Toka vita vianze, nchi hii haijapoteza mtu hata mmoja. Unataka tuanze leo?"

Makofi tena. Mbunge mwembamba naye akapiga, maana waliokuwa kulia na kushoto kwake walikuwa wanapiga. Shaweji akashtuka kuona na mikono yake inapiga.

Alipotoka na kibali chake akakuta umati barabarani. Jitu limekamatwa, watu walisema, jitu linapitishwa. Wanawake walibeba watoto wakakimbia, wanaume wakajibanza ukutani. Shaweji akanyoosha shingo. Kwenye mkokoteni alikaa mtu mfupi, kachakaa, ana mafua, kamasi zinamtiririka na mikono imefungwa hawezi kuzifuta. Alikuwa anaomba maji kwa lugha ileile ya Usanifu, lafudhi tu kidogo ya ng'ambo ya mto.

"Lione lilivyo likubwa!" mama mmoja akapiga kelele.

"Linatisha," Shaweji akamwambia. Alisema ili asionekane amenyamaza. Mvua ikaanza kunyesha ghafla, ikawalowesha wote, kwa sababu Usanifu hapakuwa tena na kiganja cha kuwaonya.

Mwezi ulikuwa unakaribia kuandama walipojiandaa kuondoka. Siku hiyohiyo, mchana, Mama Adila aliitwa Wizarani. Alikwenda anafikiri ni habari ya kukiachia chombo chake. Akarudi amevaa kanga upande mmoja, upande wa pili unaburuta chini, akaketi kibarazani penye maganda ya maharage.

"Kuna nini, mama?" Shaweji akauliza.

"Kijana wangu," akasema Mama Adila. "Kijana wangu kimeharibika." Akaitazama mikono yake. "Wameniambia watanipa kingine. Wana mayatima pale, nikachague."

Shaweji akatafuta la kusema katika ile sarufi aliyofundishwa na mama huyuhuyu, akakuta haina pole. Vitu havipewi pole.

Ni Mwanaidi aliyetoka ghalani, na mguu wake uliovimba, akavuka kizingiti asichoruhusiwa kuvuka, akakaa chini akamkumbatia Mama Adila kichwa kifuani. "Amekufa, mama," akasema. "Mwanao amekufa. Alikuwa mtu. Lia."

Hapo Mama Adila akapasuka. Alilia jina la mwanawe, akalia ameniacha, amekufa, hakuzikwa, nimemwita kitu kwa mdomo wangu mimi niliyemzaa. Alilia kilio cha kusikika mtaa wa tatu. Na Shaweji, ambaye nimewaambia ana moyo laini, alifanya nini? Alikimbilia madirisha, akayafunga moja moja.

"Mnyamazishe, dada, tutaponzwa," akasema. "Kesho tunatoka. Watasikia."

Mwanaidi akamtazama juu ya kichwa cha yule mama. Mama Adila akalia mpaka sauti ikamkauka, na jioni akawasha redio mwenyewe, ikasema vifaa kadhaa vimeharibika.

Asubuhi wakaagana. Mama Adila alimshika Mwanaidi mikono yote miwili, akamwambia, "Nenda salama, mwanangu," maneno ya mtu kwa mtu, kwa sauti, mlango wazi. Halafu akarudi jikoni kwake.

Langoni upande wa kutoka alikuwa ofisa mzee, Salimini jina lake, ndevu nyeupe, miwani imefungwa uzi. Nyuma yake walisimama askari vijana wawili. Shaweji alikuwa amesikia sokoni kwamba hapo langoni hutegwa watu: ofisa hukosea makusudi, na anayemwachia kosa lipite ananaswa. Akasimama wima, kanzu imenyooka. Mwanaidi akasimama hatua moja nyuma yake na furushi lake, macho chini.

"Una nini?" Salimini akauliza.

"Nina kitu kimoja, mzee."

"Cha nani?"

"Changu."

"Ulikipata wapi?"

"Kilikuwa kwa Mama Adila, mtaa wa Wafinyanzi. Kabla ya hapo kilikuwa cha Kisoa kimoja kilichoharibika vitani."

"Kinafanya kazi?"

"Kinafanya, ila kimechakaa kidogo mguu mmoja. Nakipeleka kwetu kikatengenezwe."

Yalitoka yote kama maji ya bomba. Hakuna kiambishi kilichopinda. Shaweji mwenyewe alijisikia, na katikati ya hofu yake akaona fahari, ile fahari ya mwanafunzi mbele ya mkaguzi. Salimini akagonga mhuri. Akawapungia mkono askari, lango likavutwa, ukaonekana upande wa pili na nyasi zake na njia inayokwenda kwao.

Ndipo yule mzee akavua miwani, akamtazama Mwanaidi. Alimtazama usoni, siyo mguuni wala furushini. Akasema kwa sauti ndogo, "Na yeye anaitwa nani?"

Mwanaidi akainua uso. Midomo yake ikafunguka.

"Kinaitwa, mzee," Shaweji akasema. "Siyo anaitwa. Kinaitwa Mwanaidi."

Askari wote wawili wakageuza shingo. "Umesemaje, afande?" mmoja akauliza.

Salimini angeweza kusema ulikuwa mtego, au ulimi wake umezeeka, na wale vijana wangeweza kuamini. Alikunja miwani yake, akaitia mfukoni. "Nimesema yeye," akajibu. "Nimemuuliza jina lake."

"Hicho kimekosea upatanisho," askari akamwambia mwenzake. Tayari mzee alikuwa amehama ngeli, hata kofia hawajamvua. "Kipeleke ndani. Magari ya mahandakini hayajaondoka." Wakamshika mkono na kumvuta, na yule mzee alipokuwa anapita karibu na Mwanaidi akamwambia, "Uwe na safari njema, mwanangu." Akaingizwa. Mlango wa jengo jeupe ukafungwa.

Shaweji akamsukuma dada yake kwa bega wakavuka. Alitembea haraka, anahema, anacheka peke yake. "Tumetoka! Dada, tumetoka! Sikukosea hata moja, umesikia? Hata moja!" Mwanaidi alikuwa anachechemea mbele yake bila kugeuka. Walikwenda hivyo mpaka ukuta wa Usanifu ukafichwa na kichaka, ndipo akatua furushi lake chini.

"Lango lilikuwa limeshafunguliwa, Shaweji," akasema.

"Nilidhani ni mtego! Wenyewe sokoni walisema..."

"Huenda ulikuwa mtego. Huenda. Na huenda ni mzee aliyetaka kunijua jina. Hakukuuliza wewe, aliniuliza mimi. Tangu mume wangu achukuliwe hakuna mtu aliyeniuliza jina. Nilikuwa nataka kumjibu."

"Nisamehe. Niliogopa. Nilisema tu ili nikutoe."

"Najua. Si nilikuruhusu mwenyewe? Sikukasirikia uliyoyasema." Akajifuta uso kwa ncha ya mtandio. "Muda wote ule unaulizwa na kujibu, mimi nilikuwa nyuma yako nasikiliza. Nilikuwa nangoja ukwame. Pahali padogo tu, ukohoe, umeze mate, nijue linakuchoma. Hukukwama hata mara moja, mdogo wangu."

Machozi yakaanza kumtoka Shaweji. Akanyoosha mkono achukue furushi ambebee. Mwanaidi akamwahi, akalinyanyua mwenyewe, akaliweka kichwani.

"Twende," akasema. "Mama yuko kitandani anangoja. Ukifika umwambie mwenyewe umeleta nini."

Akatangulia.